Neema: Asili na Maana ya Jina la Kike katika Nyanda za Buha

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, mtoto wa kike kuitwa Neema ni jambo la kawaida. Wapo wanaolitaja jina hilo kuwa ushahidi kwamba Waha wameyaacha majina yao na kufuata ya wageni. Hukumu hiyo hutokana na kulipima jina kwa asili ya neno peke yake.

Asili yenyewe haina utata. Neno limetoka katika ni‘ma la Kiarabu. Sauti ya ayn, ambayo Kiswahili hakina, ilitoweka, na irabu mbili zikabaki zikifuatana, kama katika saa na taabu. Pwani, neema ni ustawi: mvua ya kutosha, chakula tele, riziki. Watafsiri wa Biblia walilitwaa neno hilo kwa maana ya fadhili za Mungu asizostahili mwanadamu, na Biblia ya Union ya mwaka 1952 ikaieneza maana hiyo bara. Buha iliipokea kupitia makanisa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, Biblia huiita dhana hiyo ubuntu, neno lenye shina moja na utu wa Kiswahili.

Je, kwa nini jina hili ni la kike? Kiarabu kina jinsia ya kisarufi, na ni‘ma ni neno la kike. Lakini baraka nalo ni la kike katika Kiarabu, ilhali Tanzania Baraka huwa zaidi mwanamume. Kwa hiyo kilichoamua ni mazoea ya jamii, wala si sarufi.

Mazoea hayo yana mizizi Buha. Bukuru na Butoyi ni majina ya pacha, na Chiza ni la anayewafuata, awe wa kiume au wa kike. Majina hayo hutaja hali ya kuzaliwa. Binti aliyepatikana baada ya kungojewa miaka mingi, au katika mwaka wa mavuno mema, akiitwa Neema, ameitwa kwa desturi ileile. Kilichoazimwa ni neno tu. Wakimbizi wa Kongo waliopokewa Nyarugusu, Kasulu, tangu mwaka 1996, nao walitoka katika nchi ambako mabinti huitwa Neema. Kamusi hueleza maana ya neno; maana ya jina haina budi kuulizwa kwa aliyelitoa.