Kalagala: Maporomoko ya Nile yaliyowekewa ahadi

Maporomoko ya Kalagala na Itanda yapo katika Mto Nile, kaskazini mwa mji wa Jinja nchini Uganda. Yanalindwa kwa makubaliano ya mwaka 2007 kati ya serikali ya Uganda na Benki ya Dunia, yakiwa fidia ya maporomoko ya Bujagali yaliyozamishwa na bwawa la umeme.

Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012. Hutumia tena maji yaliyokwisha kupita katika mitambo ya Nalubaale na Kiira iliyo juu yake. Uganda ilipata nafuu ya mgawo wa umeme. Hata hivyo, wanaowapitisha watalii mtoni kwa mashua za mpira walipoteza sehemu ya njia yao, na Wasoga wakapoteza makao ya mzimu wa Budhagali. Matambiko yalifanywa ili kuuhamisha.

Makubaliano hayo yanazuia Kalagala kujengwa mradi wa umeme. Eneo hilo limetengwa kwa ajili ya utalii, ibada za jadi na hifadhi ya mazingira, ikiwemo ya msitu wa Mabira.

Mwaka 2019 ulizinduliwa mradi wa Isimba wa megawati 183, upande wa chini wa mto. Maji ya bwawa lake yameingia ndani ya eneo lililotengwa na kuzamisha baadhi ya miporomoko iliyotumiwa na waendesha kayaki. Itanda na Kalagala zimesalia, zikitegemea makubaliano hayo kuheshimiwa.