Jazz ya zamani: diski nane za kuanza nazo, na sababu gani zinatuhusu sisi Wakongomani

Kila siku ya posho usiku, kisha habari za saa tatu, redio yetu inapitisha muziki ya jazz kwa saa moja. Na kila mara ujumbe unaingia ku telefone ya studio. Wengine wanashukuru. Wengine wanalalamika: "Munatupigia miziki ya bazungu ya kulalisha batoto." Wengine wanauliza vizuri: "Mutupe majina ya diski, tutafute sisi wenyewe." Na kuna swali moja lenye linarudia bila kuchoka: kama OK Jazz ilikuwa jazz, mbona haifanani na hii?

Tumeandika hii makala kwa kujibu wote pamoja. Tunachagua diski nane zenye zilirekodiwa kati ya 1956 na 1964, wakati jazz ilikuwa na nguvu sana. Si zote zenye ziko nzuri, ni za kuanza nazo tu. Na mbili kati yao zinagusa historia ya inchi yetu moja kwa moja.

Kwanza, jazz ni nini?

Si muziki ya wazungu. Jazz ilizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, kuelekea mwanzo wa karne ya 20, kati ya Waamerika weusi, wajukuu wa watumwa. Katika muji huo kuna uwanja wenye unaitwa mpaka leo Congo Square. Zamani ni pale watumwa walikuwa wanakutana siku ya Mungu kwa kupiga ngoma na kucheza. Kwa hiyo jina letu liko pale tangu mwanzo.

Wimbo wa jazz mara nyingi unapita hivi: wote wanapiga muziki wa wimbo mara moja ao mbili, kisha kila mutu anapewa nafasi yake kwa kubuni papo hapo, na mwishoni wote wanarudia pale walianzia. Ile sehemu ya kubuni haijaandikwa popote. Ni sawa na muzee mwenye anachukua methali moja na kuieleza kwa njia yake; kesho ataieleza tena, lakini si kwa maneno yaleyale.

OK Jazz, African Jazz: sababu gani jina hilo?

Joseph Kabasele alianzisha African Jazz katika 1953, OK Jazz ya Franco na wenzake ikafuata katika 1956. Muziki yao ilikuwa rumba, yenye ilipata nguvu kutoka diski za Cuba. Wakati ile neno "jazz" lilikuwa na maana ya orkestre ya kisasa, yenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Tanganyika pia walifanya vile: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz. Ni jina, si aina ya muziki. Lakini kuna daraja: Manu Dibango, Mukameruni mwenye alipenda sana jazz, alikuja Léopoldville katika 1961 kupiga saksofoni na piano pamoja na Kabasele.

Diski zenyewe

1. Ella and Louis (1956). Kama haujawahi kusikiliza jazz, anza hapa. Ella Fitzgerald ana sauti safi kama maji ya chemchem. Louis Armstrong ana sauti ya kukwaruza, na tarumbeta yake. Nyuma yao ni watu wanne tu, pamoja na Oscar Peterson ku piano. Ni nyimbo za mapendo, za polepole. Hata mama mwenye hajui Kiingereza ataelewa kama hawa wawili wanafurahi kuimba pamoja.

2. Moanin', ya Art Blakey na Jazz Messengers (1958). Wimbo wa kwanza unaanza na piano yenye kuuliza, na vyombo vya kupuliza vinajibu kwa noti mbili, sawa na kanisa likijibu "Amina". Bobby Timmons, mwenye aliutunga, alikulia kwa babu yake aliyekuwa muchungaji. Lee Morgan, wa tarumbeta, alikuwa na miaka 20 tu. Blakey mwenyewe yuko ku ngoma. Kundi lake lilikuwa kama shule: aliliongoza miaka zaidi ya 30, akichukua vijana na kuwafundisha, mpaka kufa kwake katika 1990.

3. Kind of Blue, ya Miles Davis (1959). Hii ndiyo yenye watu wengi wanataja kwanza. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, moja ya mwezi wa tatu na moja ya mwezi wa ine. Pamoja na Davis kuna John Coltrane na Cannonball Adderley ku saksofoni, na Bill Evans ku piano. Mbele ya hapo, wapiga jazz walikuwa wanabadilisha akordi mbio mbio. Davis aliwapunguzia akordi, wakae pahali pamoja kwa muda mrefu na watafute muziki mule ndani. Mutu mwenye anapenda sebene ataelewa haraka: magitaa yetu pia yanazunguka juu ya akordi chache, na utamu unatoka ku mizunguko. Katika So What, sikiliza besi: inauliza, na wengine wanajibu kwa noti mbili.

4. Time Out, ya Dave Brubeck (1959). Karibu kila mutu amesikia Take Five, hata bila kujua jina lake. Uhesabu na kidole: muziki mingi tunazozoea zinahesabu moja mpaka ine, hii inahesabu moja mpaka tano. Paul Desmond, mupiga saksofoni, ndiye aliyeitunga. Wimbo mwingine, Blue Rondo à la Turk, unahesabu tisa: mbili, mbili, mbili, tatu. Brubeck aliisikia kwa wanamuziki wa barabarani kule Uturuki katika 1958, wakati serikali ya Marekani ilimutuma kuzunguka dunia na kundi lake. Tutarudi ku hii habari ya kutumwa.

5. Mingus Ah Um, ya Charles Mingus (1959). Mingus alipiga besi kubwa na aliongoza kwa kelele. Wimbo wa kwanza, Better Git It in Your Soul, una makofi na vigelegele kama ibada ya asubuhi. Lakini usipite haraka Fables of Faubus. Orval Faubus alikuwa gavana wa Arkansas. Katika 1957 alituma askari kuzuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya wazungu muji wa Little Rock. Mingus alimuandikia wimbo wa kumuchekelea. Ku diski hii utasikia vyombo tu. Maneno yalirekodiwa mwaka uliofuata, ku diski ingine, kwa mutengenezaji mwingine.

6. We Insist!, ya Max Roach (1960). Hii si ya kupumzika. Max Roach, mupiga ngoma, na mwimbaji Abbey Lincoln wanaeleza utumwa, uhuru, na mauaji ya Sharpeville kule Afrika Kusini ya mwezi wa tatu 1960. Olatunji, Munijeria, anapiga ngoma za Afrika. Picha ya juu inaonyesha watu weusi watatu wamekaa ku meza ya mukahawa wenye ulikuwa wa wazungu, kwa sababu wakati ile vijana walikuwa wanakaa vile kwa kupinga ubaguzi. Katikati ya wimbo Triptych, Abbey Lincoln anaacha kuimba na kupiga makelele ya uchungu. Ku redio hatuipitishi bila kuonya kwanza. Katika jimbo hili kuna watu wengi wenye wamesikia makelele kama ile kwa kweli, na hawahitaji kuishitukiza usiku. Lakini mwenye ana nguvu ya kuisikiliza, aisikilize yote.

7. Uhuru Afrika, ya Randy Weston (1960). Hapa wasikilizaji wengi wanashangaa: diski ya jazz ya New York yenye inaanza kwa Kiswahili! Weston, mupiga piano wa Brooklyn, alitaka luga ya Afrika kwa kusalimu inchi zenye zilikuwa zinapata uhuru mwaka ule. Shairi la Langston Hughes lilitiwa katika Kiswahili na kusomwa na Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza. Ya mwisho, Kucheza Blues. Mwanamuke Melba Liston ndiye aliyepangia orkestre kubwa. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilikataza diski hii isiuzwe kwao.

8. A Love Supreme, ya John Coltrane (1964). Ilirekodiwa kwa siku moja, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1964, ikatoka 1965. Coltrane alikuwa amenaswa na pombe na dawa za kulevya. Katika 1957 aliziacha, na alisema ni Mungu aliyemuamusha. Diski hii ni shukrani yake. Ina sehemu ine, dakika kama 33. Katika sehemu ya mwisho, saksofoni "inasoma" sala aliyoandika mwenyewe, neno kwa neno, bila mutu kufungua kinywa. Musikilizaji wa dini yoyote anaweza kuingia ndani.

Armstrong ku Léopoldville, Lumumba kifungoni

Tarehe 28 mwezi wa kumi 1960, Louis Armstrong alifika Léopoldville. Watu walimubeba ku kiti kama mufalme, wakati ngoma zilikuwa zinalia. Kisha alipiga pia Elisabethville, leo Lubumbashi, katika Katanga yenye ilikuwa imejitenga tangu mwezi wa saba. Alikuwa ametumwa na serikali ya Marekani kama mujumbe wa urafiki.

Sasa tuweke tarehe pamoja. Mobutu alikuwa ameshika mamlaka tarehe 14 mwezi wa kenda. Wakati Armstrong alikuwa anapiga Léopoldville, Patrice Lumumba alikuwa palepale mujini, amefungiwa katika nyumba yake, askari wameizunguka. Mwezi uliofuata alijaribu kutoka. Walimukamata, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 waliwaua, yeye na Mpolo na Okito, karibu na Elisabethville, muji uleule wenye ulikuwa umemupigia Armstrong makofi.

Je, tumukatae Armstrong? Wasikilizaji wengine wamesema ndiyo. Mimi sikubali. Mwanamuziki alikuja kupiga tarumbeta. Mipango ya serikali si yeye aliyeipanga. Na hakuwa mutu wa kunyamaza: katika 1957, juu ya ile habari ya Little Rock, alimusema vibaya waziwazi Raisi Eisenhower na akakataa kutumwa Urusi. Lakini tujue pia hii: muziki tamu inaweza kutumiwa kwa kufunika mambo mabaya. Tunapocheza, tuulize nani amelipa bafle.

Na tujue kama wanamuziki wengine wa jazz walituona. Kifo cha Lumumba kilitangazwa tarehe 13 mwezi wa pili 1961. Siku mbili kisha, New York, watu weusi waliingia katika mukutano wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kupiga kelele ya kupinga. Abbey Lincoln, ile sauti ya We Insist!, alikuwa kati yao.

Namna ya kusikiliza

Telefone pekee yake inaua besi. Tumia vya kuvaa masikioni ao bafle, hata ndogo. Sikiliza wimbo mumoja mara tatu: mara ya kwanza fuata besi, ya pili fuata ngoma, ya tatu fuata mwenye anabuni. Ukiwa na megabaiti kidogo, usitafute diski nzima. Tafuta hizi ine kwanza, kwa mupango huu: Take Five, Moanin', So What, kisha Uhuru Kwanza. Zikikupendeza, endelea na zingine. We Insist! na A Love Supreme, uziachie siku yenye uko na saa nzima na hakuna mutu wa kukusumbua.

Ombi moja kwa wasomaji

Mutu mwenye alikuwa na miaka 15 wakati Armstrong alipiga Elisabethville, leo anakaribia ao amepita 80. Vitabu vinaeleza safari ile kwa macho ya wageni. Sauti za Wakongomani wenye walikuwa ku uwanja ni chache, na zinapungua kila mwaka. Kama kwenu kuna baba, mama ao babu mwenye alikuwa pale, umuulize leo: alisimama wapi, alisikia nini, na nyumbani walisemaje juu ya Lumumba usiku ule? Umurekodi ku telefone yako, hata dakika kumi, kisha ulete ku studio. Tutapitisha sauti yake siku ya posho, kisha habari za saa tatu, mbele ya muziki.