Kiungo Hubadilika, Adabu Hubaki

Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Juma hili naupima msemo huo kwa Wajapani 781 waliofika bandari ya Santos, Brazili, tarehe 18 Juni, 1908, kwa meli ya Kasato Maru. Walipelekwa kwenye mashamba ya kahawa. Wao na waliowafuata walikosa plamu za kutia chumvi, kitoweo cha wali wao. Wakatia chumvi choya badala yake. Lakini mwiko ulibaki: vijiti havisimamishwi walini, kwani hivyo ndivyo anavyowekewa marehemu. Je, waliacha mila? Mimi nasema la. Walibadili kiungo, wakashika adabu. Wanetu waendao ughaibuni tuwafungie unga, lakini adabu itangulie.