Namba Iliyogeuka Njiani

Kambi ya Ifo, karibu na Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka wa 1991 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita. Mkimbizi huandikishwa, na kwa namba yake hupata posho. Namba ikikosewa, jamaa nzima yaweza kulala njaa.

Kompyuta huigawa namba kama 1991 katika baiti mbili, 7 na 199. Maana 7 mara 256, ukiongeza 199, ni 1991. Baadhi ya mashine hutanguliza baiti ya thamani kubwa, nyingine ile ndogo. Ikisomwa kinyume, 1991 hugeuka kuwa 50951!

Katika lugha ya C, aliyoitunga Dennis Ritchie huko Marekani mwaka wa 1972, habari za mtu mmoja hukusanywa katika strakti. Humo nako mna mtego: herufi ya baiti 1 ikifuatwa na namba ya baiti 4, kwa kawaida hushika nafasi 8, wala si 5, kwani 3 huachwa tupu.

Mwaka wa 1980 Danny Cohen aliwasihi wataalamu waache ugomvi, wapatane. Intaneti ikashika kanuni moja: baiti kubwa hutangulia. Soketi za Berkeley, zilizotolewa mwaka wa 1983, zilikuja na vifaa vya kugeuza namba ifuate kanuni hiyo.

Basi, mtunga programu asiimimine strakti nzima katika soketi. Na apeleke kila namba kwa utaratibu uliokubaliwa, ili ifike Ifo kama ilivyotoka Nairobi.