Kanisa na ruhusa za kuuza pombe: sheria inatupa njia gani?

Huku kwetu Ubwari, toka Baraka hadi vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, malalamiko juu ya buvete na nyumba za lotoko hufika kwanza kwa mchungaji. Mama analia kwamba pesa ya ndagala imeishia kwenye chupa. Mwalimu anasema kelele za muziki zinaingia darasani. Mara nyingi sisi wachungaji tunajibu kwa mahubiri peke yake. Mahubiri ni ya lazima, lakini ruhusa ya kuuza pombe ni karatasi ya serikali, na karatasi hujibiwa kwa karatasi.

Tuangalie jirani zetu wa Kenya. Sheria yao ya mwaka 2010, iliyoletwa bungeni na mbunge John Mututho, inakataza leseni ya baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Baa ziliagizwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Mwisho wa juma, kuanzia saa nane mchana. Maombi ya leseni hutangazwa hadharani, na mwananchi anaweza kuyapinga kwa maandishi. Mwaka 2011 wenye baa wa Murang'a walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo. Hata hivyo, masharti ya saa yalibaki.

Je, sisi? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakuu wa serikali ombi, peke yake au pamoja na wengine. Wakuu wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na mwandishi asishitakiwe kwa sababu ya ombi lake.

Kwa hiyo, wapendwa, barua kwa meya wa Baraka au kwa administrateta wa Fizi itaje mahali, umbali kutoka shuleni, saa za kelele, na majina ya wanaosaini. Tubaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Tusitukane mtu: wauzaji wengine ni mama zetu wa kanisani, wanaolisha watoto kwa biashara hiyo. Tukae nao kwanza.

Paulo, mbele ya Festo, alitumia haki yake ya uraia akakata rufaa kwa Kaisari. Hakuonekana mtu wa imani haba.