Hucheki Kama Hujui

Leo nawaletea historia kidogo, maana ndo somo nitakalofundisha: vichekesho vya habari vimetufundisha nini kuhusu nchi zetu?

Tuanze na Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi kwenye runinga, sauti yake na kila kitu. Mwaka 2009 ikaja The XYZ Show pale Citizen TV: vikaragosi vyenye sura za Kibaki, Raila na wenzao, pamoja na mtangazaji wa habari naye kikaragosi. Wazo lilitoka Ufaransa, kwenye Les Guignols de l'info. Na aliyelileta, mchora katuni Gado, ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mtu wetu kabisa!

Na sisi? Runinga Bara ilianza 1994. Ze Comedy wakavuma EATV, wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Hapa Mwanza tulikuwa na Futuhi ya Star TV. Vipaji kibao.

Juzi niliwaonyesha wenzangu hosteli kipande cha XYZ. Mmoja anayefuatilia siasa za Kenya alicheka hadi machozi. Wengine wakaniuliza, "Sasa hapo kinachochekesha nini?" Kumbe bwana, kichekesho cha habari ni mtihani bila karatasi. Hakikusomei habari, kinakupima kama unaijua. Usiyecheka unaona aibu, unaenda kuuliza. Hapo ndo unajifunza.

Ila mtihani unamtegemea mtunzi. Mei 2020 Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kucheka tu! Mchekeshaji akiona hivyo, anatunga maswali mepesi: lafudhi ya Kisukuma, mlevi, mama mkwe. Tunacheka mpaka mbavu zinauma, lakini muulize mtu pesa za soko la samaki zinakwenda wapi, kimya. Sio kwamba watu hawapendi siasa. Hakuna anayewapima.

Mimi nikipewa darasa, nitabandika katuni ubaoni na swali moja: eleza kwa nini inachekesha. Atakayejibu vizuri, huyo uraia anaujua.

Haya, nyie mara ya mwisho mlicheka kichekesho gani kilichowafanya mtafute gazeti? Semeni hapo chini. Tuko pamoja.