Shimo Katika Malisho ya Babu

Mwezi wa tisa, wakati vumbi la Ilula limeshafika mpaka kwenye vikombe vya chai, mimi na mdogo wangu tulichimba shimo katikati ya malisho ya babu. Hatukuwa tunatafuta maji. Tulikuwa tunagombana, na shimo lilikuwa njia ya kumaliza ugomvi.

Mdogo wangu alitaka eneo lile lilimwe. Ilula ni mji wa nyanya na vitunguu. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, ukishaupanda mlima Kitonga, unayakuta matenga yamepangwa kando ya lami na akina mama wanakimbilia madirisha ya mabasi. Mtu mmoja alikuwa tayari kukodi ekari 12, alete trekta na pampu, na alipe kodi ya misimu mitatu kwa mkupuo. Malisho ya babu, kwa maneno ya mdogo wangu, yalikuwa "pori limelala tu". Ana watoto wanne, na mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Mimi nilisita, ila hoja sikuwa nayo. Nilikumbuka tu babu akisema kuwa ule mteremko ni wa ng'ombe, jembe lisiuguse. Kumbukumbu ya marehemu haisimami mbele ya pesa taslimu.

Rafiki yetu mmoja, aliyesomea mambo ya udongo Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, ndiye aliyesema: "Kabla hamjagombana zaidi, chimbeni shimo. Mpaka mtu aingie asimame ndani."

Sentimita 20 za kwanza zilichimbika kwa urahisi. Ulikuwa mchanga wa rangi ya kijivu na mizizi ya nyasi. Kisha jembe likaruka. Kuanzia hapo tulitumia sururu na mtaimbo, na kazi ya saa moja ikawa ya siku mbili. Rafiki yetu aliposhuka ndani akatuonyesha ukuta wa shimo: chini ya mchanga kulikuwa na mfinyanzi mgumu uliosimama kama nguzo fupi, vichwa vyake vya mviringo, vimepangwa kama mikate kwenye trei. Chini zaidi kulikuwa na vipande vyeupe. Alidondoshea tindikali hafifu, vikatoa povu. "Chokaa," alisema. "Mvua ya hapa haitoshi kuisafirisha, basi inabaki."

Akachukua bonge la ule mfinyanzi, akalitia kwenye glasi ya maji ya mvua. Tukasubiri. Bonge likaanza kuyeyuka taratibu, na maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Hayakutuama mpaka jioni. Akatueleza kwamba mfinyanzi wenye sodiamu nyingi haushikani. Ukilowa, chembe zake zinaachana na kuziba kila kitundu, maji yasipite. Ukikauka unakuwa tofali. Nyasi zinaishi pale kwa sababu zinatosheka na ule mchanga mwembamba wa juu, na mizizi yake ndiyo inayoushikilia mchanga usiondoke. Trekta ingeuchana ule mchanga na kuuleta mfinyanzi juu.

"Babu yenu alikuwa sahihi," alisema. "Hicho alichokijua, kuna Mwingereza alikaa Amani miaka zaidi ya kumi akitafuta namna ya kukiandika."

Mwingereza huyo ni Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule milima ya Usambara. Kituo kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikaangukia mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Milne alifika mwishoni mwa miaka ya 1920, akakabidhiwa kazi isiyowezekana: kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki yote, kwa watu wachache na barabara mbovu.

Sayansi aliyokuja nayo ilikuwa na umri wa kama nusu karne. Mwaka 1883 Mrusi Vasily Dokuchaev alitoa kitabu juu ya udongo mweusi wa nchi yake, akaonyesha kwamba udongo si mwamba uliosagika tu. Ni kitu chenye historia yake, kilichotengenezwa na hali ya hewa, mimea, mwinuko wa ardhi, mwamba na muda. Jina alilolitumia, chernozem, alilikuta midomoni mwa wakulima, na maana yake ni udongo mweusi.

Lakini katika nyanda za Tanganyika ule utaratibu wa kuipa nchi kubwa rangi moja kwenye ramani ulimshinda Milne. Mtu alitembea kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, mwendo wa nusu saa, chini ya mvua ileile na pengine juu ya mwamba uleule, akapita aina nne au tano za udongo. Juu alikuta wekundu, katikati kichanga, chini yake ule mgumu, na bondeni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Akivuka kwenye kilima cha pili, mpangilio ulijirudia.

Sababu ni maji. Kila mvua inaponyesha inabeba kitu kutoka juu: chembe laini za mfinyanzi, chumvi, chokaa. Kilele kinabaki kikavu, na chuma kilichomo kinashika kutu na kuupa udongo wekundu. Bondeni ndiko vinakokusanyika vilivyobebwa. Katikati, mahali ambapo maji hupunguza mwendo, chumvi ya sodiamu inaweza kukaa na kuuharibu mfinyanzi. Kwa hiyo udongo wa mahali pamoja haueleweki bila kumjua jirani yake wa juu na wa chini. Mwaka 1935 Milne aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka uliofuata ikatoka ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1942, lakini neno lake bado linafundishwa vyuoni duniani kote.

Katika safari zake Milne aliwakuta watu wenye majina tayari. Wasukuma walikuwa na luseni kwa kichanga cha mteremkoni, itogolo kwa kichanga chenye ugumu chini yake, ibambasi kwa ule mgumu wenyewe, na mbuga kwa mfinyanzi mweusi wa bondeni. Kila jina lilibeba maelekezo: hapa panda muhogo, hapa mtama, hapa peleka ng'ombe. Milne aliyaandika kwa heshima. Neno mbuga likaingia hata kwenye ramani za udongo za nchi yetu, ingawa siku hizi ukilitamka watu wanafikiria twiga.

Majina ya wakulima wa Urusi yalikwenda mbali zaidi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, uliotoka mwaka 1998 na ambao sasa una makundi makuu 32, chernozem imo. Mbuga yetu imo kwa jina la Kilatini, vatisoli, yaani udongo unaojigeuza, kwa kuwa unapopasuka udongo wa juu hudondokea ndani ya nyufa. Na ule wa shimo letu, wenye nguzo na vichwa vya mviringo, unaitwa soloneti, neno la Kirusi linalotokana na chumvi.

Nilimwuliza rafiki yetu, jina linasaidia nini kama babu alikwisha kujua? Akanijibu kwa neno moja: Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Vita ya Pili ilikuwa imekwisha na chakula bado kilitolewa kwa mgawo. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kuja kutazama mahali pa kulima karanga kwa mashine. Kwa wiki tisa walizunguka, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu zifyekwe, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, katika nyanda kavu za Ugogo. Kwa aliyetazama kutoka angani, palikuwa na ardhi tupu. Wagogo waliijua kuwa nchi ya mifugo.

Yaliletwa matrekta mabovu yaliyobaki vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vichaka viliposhinda matrekta, wakafunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili, zikaenda sambamba zikiuburuta. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu Milne aandike juu ya mnyororo wa udongo, na sasa mnyororo wa chuma ukapita juu yake.

Ule udongo mwekundu wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliokula majembe ya mashine kama msasa. Mvua ikikatika, mfinyanzi wake ulikakamaa, na karanga, ambazo huzaa chini ya ardhi, zikafungiwa humo. Kwa msimu wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango ule, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni. Ardhi iliyofyekwa ikarudishiwa ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ipo mpaka leo.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, nasi tunacheka. Lakini pale shimoni sikucheka, kwa sababu maneno ya Kongwa yalikuwa maneno ya mdogo wangu: pori limelala, pampu ipo, trekta ipo. Alitazama malisho kama wale walivyotazama kutoka kwenye ndege. Na mimi pia sikuwa mbali naye. Nilitetea malisho kwa sababu ya babu, bila kuujua udongo aliokuwa akiuzungumzia.

Wala ng'ombe si watakatifu. Kondoa, mkoa huohuo wa Dodoma, mifugo na mashamba kwa pamoja viliivua ardhi mpaka makorongo yakafungua vinywa, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Udongo mwembamba juu ya mfinyanzi mgumu hausamehe jembe, na haisamehe hata kwato zikizidi. Malisho si ardhi iliyokosa kazi. Inafanya kazi moja tu inayoiweza, na hiyo nayo ina kipimo.

Siku ya tatu tukachimba vishimo vingine viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini, kwa ushauri wa rafiki yetu. Juu, karibu na miamba, tulikuta udongo mwekundu, mwepesi, unaopitisha maji. Chini, kando ya kijito, mweusi. Katikati ni babu na ng'ombe wake. Mnyororo mzima ulikuwa kwenye ekari 12, na sisi tulikuwa tunauita kwa jina moja, shamba.

Mdogo wangu alikaa ukingoni mwa shimo kubwa, miguu ikining'inia. "Sawa kaka, nimeelewa," alisema. "Sasa niambie, ada ya mtoto inatoka kwenye tabaka gani?"

Swali hilo halina jibu katika kitabu chochote cha udongo. Tulimkodisha yule mtu ekari mbili za chini, zilizo kando ya kijito, kwa msimu mmoja. Fedha hazikutosha. Tukauza madume mawili, na mtoto akaenda shule. Mdogo wangu bado anaamini tumepoteza bahati, na mwaka ukiwa mbaya kwa ng'ombe hunikumbusha.

Siku ya kufukia, rafiki yetu alisimamia mwenyewe. Hakuturuhusu kusukuma udongo ndani hovyo. Tulianza na ule wenye chokaa, ukafuata mfinyanzi, mchanga ukaja mwisho, na juu yake tukarudisha nyasi tulizokuwa tumezikata kwa mabonge na kuziweka kivulini. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na mbili, nilikwenda kutazama. Mahali pa shimo palikuwa pamebonyea kidogo, na ndama alikuwa anakula hapo.